Kampuni za simu ziruhusiwe kuuza kipaumbele cha intaneti?

Mleta mada: Wakuu, kuna hoja nakutana nayo kila mara: kampuni ziuze kifurushi cha kipaumbele, ukiongeza hela simu yako ya video haikatiki hata mtandao ukijaa. Mimi napinga.

Simu ya mezani ya zamani ulitengewa laini nzima mpaka ukate. Intaneti inakatakata maneno yako kuwa pakiti, na kila pakiti inapanga foleni kwenye kila ruta, yaani kifaa kinachoelekeza pakiti njiani. Foleni ikijaa, pakiti inatupwa. Mwaka 1997 ilitoka RSVP, itifaki ya kuomba nafasi mapema kwenye ruta zote za njiani. Kwenye intaneti kubwa ikashindikana, maana kila ruta ilitakiwa kukumbuka kila mazungumzo yanayopita. 1998 ikaja DiffServ: pakiti inagongwa muhuri wa biti 6, ruta inausoma na kujua nani atangulie. Ndani ya mtandao wa kampuni moja inakwenda vizuri. Ikivukia kwa kampuni nyingine, mara nyingi muhuri unafutwa au haujaliwi. Sasa unaniuzia nini?

Watu wanakifananisha kifurushi hiki na mabasi ya mwendokasi. Mwendokasi ilijengewa njia yake! Hii ni msafara wa kiongozi: barabara ileile, trafiki anatusimamisha sisi wengine.

Mchangiaji A: Mkuu, sauti na faili si kitu kimoja. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, inapendekeza sauti isizidi milisekunde 150 kufika upande wa pili. Barua pepe ikichelewa sekunde tatu nani atajua? Halafu kumbuka Mei 2024, mikonga ya EASSy na Seacom, nyaya za intaneti za chini ya bahari, ilipokatika. Barabara ilipungua ghafla. Siku kama ile daktari anayesomea picha za mgonjwa kwa mbali apange foleni na anayepakua muvi?

Mleta mada: Kwa daktari umenishika, nakubali. Lakini hapo muhuri umetokana na kazi yenyewe, si pochi ya mtu. Umoja wa Ulaya, kwenye kanuni yake ya 2015, uliruhusu kutofautisha pakiti kwa mahitaji ya kiufundi na ukakataa sababu za kibiashara. Mstari wenyewe ndio huo.

Mchangiaji B: Nyie mnabishania mkonga, tatizo liko sebuleni. Kwangu pingi, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, ni milisekunde 30. Mdogo wangu akianza kupakia video inafika 900, simu inakuwa roboti. Ruta ina bafa (nafasi ya kuweka pakiti zinazosubiri) kubwa mno, inarundika pakiti badala ya kuzitupa mapema. Nikawasha fq_codel, programu ya ruta inayofupisha foleni, kasi ya kupakia nikaishusha kidogo chini ya ile ninayolipia ili foleni ibaki kwenye ruta yangu. Sasa haivuki 50, na sijaongeza hata senti.

Mchangiaji A: Safi, ila hiyo ni foleni ya nyumbani kwako. Mnara wa mtaani ukijaa saa mbili usiku, ruta yako itafanya nini? Mwenye mnara ndiye anayepanga nani atangulie, na mimi niko tayari kulipa.

Mleta mada: Ulipe, utangulie, jirani yako akwame. Kesho naye ananunua kifurushi hichohicho, kesho kutwa mtaa mzima umenunua, na mnara ni uleule. Atatangulia nani?