Tupeane uzoefu: waliofanya SAT, ACT, GMAT au TOEFL, swali la muundo sambamba lilikuangusha wapi?

#1
Wadau habari za muda huu. Kuna aina moja ya swali la grama kwenye hii mitihani ya kuombea vyuo vya nje ambalo naona linawatesa watu wetu na halizungumzwi kwa Kiswahili popote. Wenyewe wanaliita parallel structure, mimi hapa nitasema muundo sambamba, yani vitu unavyoviorodhesha au kuviunganisha kwenye sentensi viwe na umbo moja, kama umeanza na vitenzi maliza na vitenzi vya namna ile ile, kama ni majina basi majina mpaka mwisho. Ukielezwa hivo unaona mbona rahisi.

Naanza mimi. Nilifanya SAT 2019, ile ya karatasi, sehemu ya grama ilikua maswali 44 dakika 35, unapewa makala, kipande kimepigiwa mstari, alaf machaguo manne na la kwanza karibu kila mara limeandikwa NO CHANGE. Orodha za kawaida nilikua sikosei. Mtu akiandika "She likes reading, swimming and to cook" naiona palepale, kwasababu hata kwetu ukisema anapenda kusoma, kuogelea na mapishi sikio linashtuka, ku- ya kwanza inadai mwenzake.

Shida yangu ilikua kwingine kabisa na nilikaa miezi bila kuijua. Kila jumamosi nilikua nafanya jaribio zima mezani pale nyumbani, kaka yangu anashika saa alaf ananisahihishia. Jumamosi moja akanirudishia kitabu kazungushia maswali matatu ya kufanana, yote nimejibu NO CHANGE na yote nimekosa. Moja ilikua inafanana na hii: "The fishermen returned before dawn, sorted the catch and sell it on the beach." Nikamwambia kaka mbona iko sawa, wavuvi walirudi alfajiri, wakachambua samaki na kuwauza ufukweni. Akanyamaza kidogo akaniuliza, we hii sentensi umeisoma kwa Kiingereza au kwa Kiswahili?

Jamani lile swali ndo lilinifungua. Kiswahili kitenzi cha pili kikishaungwa na "na" kinavua wakati wake, kinabaki na ku-. Alifika na kukaa. Tulikula na kulala. Msikilizaji anajua kabisa wakati ni ule ule wa kwanza, hakuna anayeona kasoro maana hakuna kasoro, ndo lugha yetu ilivyo. Kiingereza hakina huo uungwana, returned, sorted, basi na wa mwisho ni sold, kila kitenzi kinavaa nguo yake. Kwahiyo sikio langu lilikua linafanya kazi yake vizuri tu, ila kwa lugha nyingine.

Tangu siku ile nikawa nikiona "and" naizungushia kwa penseli, nauliza hii and inaunganisha nini na nini, alaf narudi kushoto kumtafuta mwenzake nampigia mstari. Sisomi maana kwanza, naangalia maumbo. Mwanzo inakula muda sana lakini baada ya wiki tatu hivi mkono unafanya wenyewe.

Karibuni, kila mtu aseme pake palipomuumiza.

#2
Salaam kutoka Nairobi. Asante dada kwa huu uzi, hiyo ya ku- sikuwahi kuiwaza na nimefanya GMAT mara mbili!

Mimi ilikuwa 2021, verbal, yaani sehemu ya lugha, maswali 36 dakika 65, na ndani yake ile sehemu ya kusahihisha sentensi ambayo machaguo ni matano na A ni sentensi yenyewe ilivyo. Kilichokuwa kinanimaliza ni not only... but also. Nilikuwa najua lazima zije pamoja, nikiona but also ipo naridhika natick naenda. Sasa mfano, "The bank not only lends to traders but also to farmers." Inasikika sawa kabisa, sivyo? Lakini baada ya not only umeweka kitenzi lends, baada ya but also umeweka to farmers, mizani imelala upande. Ni either "lends not only to traders but also to farmers" au useme "not only lends to traders but also trains them", kitenzi kwa kitenzi.

Na nimekuja kuelewa kwa nini hatuioni. Sisi ile "tu" yetu inakaa baada ya kitu, haikopeshi wafanyabiashara tu bali na wakulima pia, unaiweka pale mwisho wa neno na kila mtu anaelewa inagusa nini. Not only inasimama mbele, na chochote kinachoifuata mara moja ndicho but also italazimika kukijibu. Sikuwa na mtu wa kuniambia hivyo, nilijifunza kwa kukosa, jioni baada ya kazi nikiwa nimechoka, na kwa kuandika sentensi ishirini zangu mwenyewe za either, neither, both na not only kwenye daftari. Both na and hivyo hivyo, "both in Kisumu and Mombasa" ni kosa, weka "in both Kisumu and Mombasa" au urudie in.

Jambo moja wale wanaojiandaa sasa mlisikie: GMAT toleo jipya lililoanza mwishoni mwa 2023 limeondoa kusahihisha sentensi kabisa. Kuna binamu yangu alinunua vitabu vya zamani mtaani akasoma hiyo sehemu miezi miwili na haimo. Angalieni mwaka wa kitabu kabla hamjatoa pesa.

#3
Mi naona mnaifanya ngumu. Soma sentensi kimoyomoyo taratibu, isiyo sambamba utaisikia tu inagonga. Nilifanya hivo na nikapita vizuri.

#4
Ndugu #3, kwa heshima kabisa, wewe pengine umekulia kwenye Kiingereza. Mimi ni mwalimu, huu mwaka wa kumi na mbili nafundisha Kiingereza hapa Unguja, na nakwambia mtoto aliyeanza kukisikia vizuri Kiingereza akiwa kidato cha kwanza ukimwambia "utasikia" unamwacha peke yake. Asikie kwa sikio la nani?

Ila na mimi nina la kukiri, kwa sababu niliwahi kumpoteza mwanafunzi kwa kumfundisha kanuni nusu. Alikuwa anaomba chuo Indonesia wakamkubalia TOEFL ITP, ile ina sehemu ya muundo maswali 40 kwa dakika 25, kumi na tano ya kujaza na ishirini na tano ya kutafuta kosa, maneno manne yamepigiwa mstari wewe uchague lililokosewa. Nikamkazania, binti yangu, ukiona vitenzi viwili vyenye -ed na kimoja cha -ing, hicho cha -ing ndicho kosa. Akaishika kama aya. Nikampa zoezi lina sentensi hii: "The old man closed his shop, walked to the mosque and prayed, leaning on a sticks." Akachagua leaning. Hakuitazama sticks hata mara moja, na "a sticks" ilikuwa imemkodolea macho.

Leaning pale haimo kwenye orodha jamani. Orodha imeishia prayed, and ndiyo iliyoifunga, kilichokuja baada ya koma kinaeleza tu yule mzee alisali akiwa vipi. Kwetu ni kile ki-, alisali akiegemea fimbo, na hakuna anayehesabu "akiegemea" kuwa tendo la nne. Tukaanza upya. Nikamwambia kwanza tafuta and au or, kisha uhesabu vilivyofungwa nayo, ndipo uulize umbo. Kisicho ndani ya fungu hakidaiwi kufanana. Alifaulu na yuko huko Indonesia anasoma, namshukuru Mungu, lakini ile wiki mbili niliyompotosha bado naikumbuka kila nikiingia darasani na mada hii.

#5
Mimi ni Mkongo wa Bukavu, sasa niko Louisville, Kentucky. Tulifika hapa nikiwa na miaka 14 na darasa la 11 shule ikatufanyisha ACT, English wakati ule maswali 75 dakika 45 (saizi wamepunguza, tangu 2025 ni 50 kwa dakika 35). Kwangu muda ndio ulikua adui, si hata grama. Lakini yenye nilikua nakosa kila mara ni ya kulinganisha, na mimi sikujua kama ile nayo ni muundo sambamba. "The streets of Bukavu are steeper than Louisville." Unalinganisha barabara na mji mzima. Inatakiwa "than those of Louisville".

Mwalimu alinieleza kwa Kiingereza sikuelewa, nikarudi nyumbani nikamwambia mama ile sentensi kwa Kiswahili, mama akasema barabara za Bukavu zinapanda sana kuliko ZA huku. Hiyo za! Mama hajawahi kusoma Kiingereza shuleni na aliisema sawa bila kufikiri. Toka siku hiyo nikiona than naitafutia "ya", "za", "wa" yake, nikiikuta kwa Kiswahili najua kwa Kiingereza inataka that of ama those of.

#2
Dada wa Louisville hiyo ya "za" naiandika kwenye daftari leo leo. Mwambie mama asante.

#6
Shikamooni wote. Mimi nipo kidato cha sita, natarajia SAT ya kompyuta, sehemu ya kusoma na kuandika maswali 54 dakika 64, kila swali na kifungu chake kifupi. Nimekwama kwenye hili la kujitungia lililofanana na nililokosa: "The new bridge will shorten the trip to the hospital, lower the cost of transport, and ____ the market sooner." Machaguo: A farmers will reach, B allow farmers to reach, C allowing farmers to reach, D it will allow farmers to reach. Nilijaza C kwasababu baada ya koma nimezoea kuona -ing kama ile leaning ya mwalimu. Kwanini siyo?

#4
Marahaba mwanangu. Tazama kilicho kabla ya nafasi. Kuna and. Leaning haikuwa na and mbele yake. And ikishakuja hapo inakwambia hiki ni cha tatu katika fungu, kwa hiyo kifanane na viwili vya kwanza. Ingekuwa and imekuja mapema, kabla ya lower, na orodha imeishia pale transport, hapo allowing ingekaa vizuri tu baada ya koma.

#1
Na kuongezea alichosema mwalimu, jiulize vile viwili vya kwanza vimeegemea nini.

#6
Will. Will moja imebeba shorten na lower, kwahiyo na allow inaningojea pale, B. Na sasa nimeona kitu kingine, nimeitafsiri kama kaka yako alivyouliza: daraja litafupisha safari, kupunguza nauli na kuwawezesha wakulima kufika sokoni mapema. Li-ta iko mara moja tu, vilivyofuata vyote ku-. Si ndo kama ile will?

#1
Ndo hiyo hiyo mdogo wangu. Kwenye will, can na must ile ku- yetu inakupeleka sawa, wakati uliopita ndo inakuangusha. Miaka yote hii sikuwahi kuzitenganisha hizo mbili, na leo usiku narudi kwenye kile kitabu cha zamani nione yale maswali matatu ya kaka kama kuna hata moja lilikua na will.