Ukanda wa katikati kwenye simu za kukunja, hivi picha ya pale inaboreka au ndo basi?

mkunjo_katikati:
Wakuu habari zenu, naomba mwenye uelewa wa vioo anisaidie. Natumia simu ya kukunja ile inayofunguka kama kitabu, PDF zangu zote na kuhariri picha nafanyia kwenye kioo kikubwa cha ndani. Sasa pale kwenye mkunjo picha haifanani na pembeni, pakiwa peupe sioni shida ila nikiweka rangi ya kijivu iliyokolea kunatokea ukanda umefifia hivi, halafu nikiikunja nusu rangi za pale zinaelekea kwenye bluu. Kila nikiuliza naambiwa huo ni mkunjo tu, zoea. Mimi nahariri picha, siwezi kuzoea rangi ya uongo. Hiki kitu kinarekebishika kwa softwea au ndo umbo la kioo lilivyo?

fundi_vioo:
Mkuu, hapo una matatizo mawili na watu wanayachanganya kila siku. La kwanza ni bonde lenyewe, yaani uso umebonyea kidogo kwahiyo mwanga wa taa au dirisha unaakisiwa kivingine pale na jicho linaona mstari. La pili ni pikseli za pale kutoa mwanga usiolingana na wenzake.

Namna ya kutofautisha: ingia chumba chenye giza, shusha mwangaza wa skrini, fungua picha ya kijivu tupu, nyoosha simu yote kabisa na uitazame kwa mbele sio kwa ubavu. Mstari ukipotea basi ulikuwa mwanga wa nje, ukibaki ni pikseli. Skrinshoti haitakusaidia maana inachukua data ya picha sio kile kioo kinachotoa, piga kwa kamera nyingine.

Na angalia protekta ya kiwandani kama imeanza kuachia pale katikati, hewa ikiingia chini yake picha inakuwa na ukungu na watu wanadhani kioo kimekufa. Ila usiibandue mwenyewe tafadhali!! Galaxy Fold ya kwanza 2019 kuna wakaguzi wa simu waliibandua wakidhani ni ya kawaida na vioo vikaharibika, mpelekee fundi wa kampuni aibadilishe.

Nuru_K:
Niongezee kwa alichosema fundi, maana hili bonde lina sababu zake na ni eneo nalipenda sana. Ukikunja kitu chenye unene, upande wa nje unavutwa na wa ndani unabanwa, katikati kuna tabaka ambalo halivutwi wala halibanwi, na wabunifu wanapigana transista (swichi ndogo zinazoendesha pikseli) na OLED yenyewe (tabaka linalotoa mwanga) zikae hapo hapo. Unene ndo adui. UTG, kile kioo chembamba cha Galaxy Z Flip ya 2020, kilikuwa mikromita 30 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), sasa piga hesabu, kioo cha mikromita 30 ukikikunja kwa nusukipenyo cha milimita 1.5 uso wake unavutika karibu asilimia 1, ukiongeza unene mara mbili na mvutano unakuwa mara mbili. Ndo maana bawaba za tone la maji zimesaidia sana (Oppo Find N mwisho wa 2021, Samsung wakaja nayo kwenye Z Fold5 2023), kioo kinajikunja kwa duara kubwa zaidi ndani ya bawaba badala ya kubanwa kwenye kona kali.

Halafu kuna gundi kati ya matabaka, watu hawaizungumzii kabisa. Simu ikikaa imefungwa muda mrefu gundi inashika lile umbo, ukiifungua inarudi taratibu, kwenye baridi kali inakuwa ngumu na inarudi taratibu zaidi. Kwahiyo usihukumu mkunjo dakika ileile umefungua.

mkunjo_katikati:
Asanteni sana. Nimefanya jaribio gizani, kwa kweli sehemu kubwa ya mstari imepotea! Lakini umebaki ukanda mwembamba mwangaza ukiwa chini kabisa, nikipandisha siuoni. Na ile bluu ya kukunja nusu ipo palepale.

pikseli_moja:
Basi huo uliobaki ndo wa kurekebishwa na softwea. OLED inawaka kwa mkondo wa umeme, na kwenye kijivu cha chini mkondo ni mdogo mno kiasi kwamba transista ikitofautiana kidogo tu na jirani yake jicho linashtuka, ndo maana ukipandisha mwangaza inapotea. Kiwandani wanapiga kioo picha kwa kamera, wanatengeneza jedwali la marekebisho, na chipu inayoendesha kioo inalitumia kila picha inapopita. Shida, jedwali linatengenezwa kioo kikiwa kipya na kimenyooka, wakati eneo la mkunjo linaendelea kuvutwa na kubanwa miaka yote.

Bluu ni kitu kingine. OLED ukiitazama kwa ubavu rangi inahamia upande wa bluu, hiyo ni tabia ya matabaka yake, na ukikunja nusu pikseli za kwenye tao zinatazama kila moja upande wake. Simu tayari inajua pembe ya bawaba, kwahiyo inawezekana kabisa iwe na jedwali tofauti kwa kila pembe na ipunguze bluu pale tu, ilimradi marekebisho yafifie polepole kuelekea pembeni, la sivyo unapata mstari mpya.

fundi_vioo:
Sawa ila tusisahau gharama yake. Ukiongezea mkondo pikseli zilizofifia zinazeeka haraka kuliko jirani zake, baada ya muda tofauti inarudi kubwa zaidi. Mimi naona bora kushusha kidogo zile za pembeni, unapoteza mwangaza lakini kioo kinazeeka kwa pamoja.

pikseli_moja:
Kwa kijivu cha chini nakubali, juani hapana, kule kila mwangaza unahitajika na tofauti yenyewe haionekani. Ifanyike kwenye mwangaza mdogo tu.

@mkunjo_katikati kwa sasa hariri picha simu ikiwa imenyooka kabisa na mwangaza juu ya nusu, uso wa mtu unaohariri rangi yake usiuweke katikati. Na ukienda kubadilishiwa kioo uliza kama kinakuja na jedwali lake, la kioo cha zamani halikifai.

mkunjo_katikati:
Hilo la jedwali sikulijua kabisa. Nawauliza kabla hawajagusa simu, nitaleta majibu hapa.