Naomba ushauri: kahawa kutoka Moshi, nipitishe Tanga au Mombasa?

Habari zenu wadau. Nina kontena la futi 20 la kahawa, magunia 320 ya kilo 60, linakwenda Hamburg. Mombasa kupitia Holili na Voi ni kama kilomita 300 na meli ni nyingi, lakini kuna bondi ya transiti (dhamana ya forodha kwa mzigo unaopita nchi nyingine) na foleni ya mpakani. Tanga ni kama kilomita 350, hakuna mpaka, ila meli ni chache; ikikupita, tozo za kukaa na kontena zinameza nafuu yote. Dar nimeipigia hesabu, nauli ya lori inaiangusha. Bei za mawakala nimelinganisha, ila hazioneshi siku za kusubiri, na hapo ndipo mtaji unapolala, hasa meli zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya Suez.

Je, Tanga kontena tupu safi la kahawa linapatikana palepale, au huvutwa kutoka Dar kwa gharama ya msafirishaji? Na siku ngapi za kusubiri meli niweke kwenye hesabu?