Maziwa pekee miezi sita, likizo siku 84: hesabu hii inakaaje?

Mwanzisha mada

Wanajamvi, naomba tulijadili hili bila kutukanana.

Kliniki zetu zinafundisha kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee mpaka atimize miezi sita, hata maji asipewe. Baada ya hapo ndipo aanzishiwe uji mzito na vyakula vya kupondwa, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hivyohivyo, na mimi siupingi ushauri huo hata kidogo. Mtoto wa miezi mitatu hawezi kukaa, ulimi wake bado unasukuma nje kila kijiko, na maji au chupa isiyo safi inamletea kuhara.

Sasa fungueni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anaruhusiwa kuianza wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua, kwa hiyo wapo wanaorudi kazini mtoto akiwa hajafika hata miezi miwili. Sheria inampa pia muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha. Anayefanya kazi Posta, katikati ya Dar, na kuishi Chanika pembezoni mwa jiji, siku ya foleni, saa hizo zinaishia barabarani.

Halafu tunamlaumu mama anapomwachia dada wa kazi chupa ya uji mwepesi. Hoja yangu: likizo iwe miezi sita, yenye malipo. Vietnam wanafanya hivyo tangu 2013.

Mchangiaji, Arusha

Nina duka la dawa lenye wafanyakazi wanne, watatu wanawake. Mmoja akikaa nyumbani nusu mwaka, namlipa yeye na anayeshika nafasi yake. Mkiipitisha hiyo, wenye biashara ndogo tutaanza kuajiri wanaume watupu, na mtakuwa mmewaumiza haohao mnaowatetea. Kwa nini mama asikamue maziwa akayaacha kwenye friji? Dada anampa mtoto kwa kikombe, mambo yanaenda.

Mchangiaji, Tandale

Wote mnawasemea wenye mikataba. Mimi nauza chai na mihogo asubuhi, likizo yangu iliisha nilipoweza kusimama. Friji sina. Mtoto yuko mgongoni, ananyonya hapohapo penye moshi wa mkaa. Jioni nikirudi, mama mkwe ananiambia mtoto analia kwa sababu hashibi, nimpe uji. Hana nia mbaya, wanawe saba aliwalea hivyo. Mnisaidie na mimi nimjibu nini.

Mwanzisha mada

Ndugu yangu wa Arusha, hofu yako ni ya kweli, na ndiyo maana sitaki mzigo huu uubebe wewe. Mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF na PSSSF, tayari inatoa mafao ya uzazi. Yapanuliwe, mshahara wa miezi inayoongezwa utoke huko, nawe umlipe anayeshika nafasi tu. Kukamua ni kuzuri, nakubali. Lakini maziwa yaliyokamuliwa nje ya friji ni ya muda wa saa nne hivi, na joto la Dar linaupunguza. Ofisi ngapi zina chumba chenye mlango unaofungwa? Wapo wanaokamulia chooni, na hilo linaniuma kuliko yote niliyoandika hapa.

Dada wa Tandale, mama mkwe muoneshe kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ukipanda vizuri kila mwezi na mtoto akikojoa mara nyingi kutwa, maziwa yanamtosha. Kilio kina sababu nyingi: joto, usingizi, tumbo, kutaka kubebwa. Na ni kweli siku za likizo hazikuhusu. Kwako dai ni halmashauri: soko linalotoza ushuru wa wanawake liwe na chumba cha kunyonyeshea, kiwemo kwenye ramani tangu mwanzo kama vyoo vinavyowekwa.

Ningependa kusikia pia kutoka kwa walio mashamba ya chai Mufindi na ya maua Arusha. Ule muda wa kunyonyesha ulioandikwa kwenye sheria, huko kwenu mnapewa, au unakatwa kwenye ujira wa siku?