Programu ya SWMM inasema mtaro unatosha, mbona Mukuru, Nairobi, inafurika?

fundi_mitaro: Wakuu, nimeuigiza mtaro wa Mukuru kwa SWMM, programu ya kuigiza mtiririko wa maji ya mvua. Mvua ya milimita 40 kwa saa inapita bila shida kwenye kompyuta, lakini mtaani maji yanafika magotini. Tatizo liko wapi?

zege_tupu: Namba ya Manning, yaani ukwaru wa mtaro, umeweka ngapi? 0.013 ni ya zege safi. Mtaro wenye magugu na chupa anza na 0.03, kasi inashuka zaidi ya nusu. Kompyuta haijui takataka zetu, bwana.

MamaHaidroliki: Halafu Mto Ngong ukijaa, maji hurudi mtaroni. Weka kimo cha mto pale mwisho wa mtaro, na kwenye SWMM uchague hesabu ya mtiririko ya dainamiki. Ile ya kinematiki haioni maji yakirudi nyuma.

fundi_mitaro: Asanteni. Kuna alama ya matope kwenye ukuta wa duka la makaa, karibu na daraja. Kesho napeleka futi nipime maji yalifika wapi, nilinganishe na SWMM.