Kioo bapa cha Apple IIc, nikichukue au nikiache?

msaka_vyuma: Wakuu habari zenu. Nina kompyuta ya Apple IIc ya 1984, inawaka vizuri tu, naitumia na TV kwa waya wa video. Sasa kuna mtu Marekani anauza kile kioo bapa chake cha LCD, cha Apple wenyewe, sio ile monita ya inchi 9, na bei yake inazidi niliyonunulia kompyuta yenyewe. Kinatumika kweli au ni cha kabatini? Na nikague nini kabla sijatuma hela?

fundi_koili: Mkuu kama ni cha kufanyia kazi achana nacho. Hakina taa ya nyuma, unasomea mwanga wa chumbani, na maandishi yamefifia mpaka unahangaika kutafuta pembe ya kukaa. Herufi 80 kwa mistari 24 zinaingia zote, nukta 560 kwa 192, ila kioo ni kipana na kifupi kwa hiyo picha zinabonyea, duara linakuwa yai. Enzi hizo kiliuzwa karibu dola 600 wakati kompyuta nzima ilikuwa 1,295, nani angenunua? Ndo maana leo ni adimu.

mama_disketi: Mi nasema chukua. IIc ilitengenezwa ya kubeba, ina mpini nyuma, diski iko ndani, kilo 3 na kitu, lakini bila kioo hicho lazima ukute TV uendako. Betri haina, sawa, ila ukikiweka pale juu ya kompyuta ndo unaona walikuwa wanawaza nini.
Mwambie akutumie video kikiwa kimewaka na herufi zimejaa kioo kizima. Mistari ikikatika, tatizo liko kwenye viunganishi au saketi. Ukiona mabaka na vipovu, au kinanuka siki, ujue ile plastiki ya juu ya kioo imeoza, hiyo fundi mwenye mkono mtulivu anabadilisha. Kioo kikipasuka basi.

fundi_koili: Dada umesema kweli hapo kwenye siki. Niongeze, ile poti ya pini 15 nyuma ya IIc, inayochomekwa kioo hicho, usije ukachomeka monita ya Apple IIGS, ile kompyuta nyingine ya Apple, inaingia lakini mawimbi yake sio hayo.

msaka_vyuma: Asanteni sana, nishamwomba video. Akituma naiweka hapa muione kabla sijalipa.