Naomba ushauri: Mtakatifu Cuthbert, Machi 20 au Septemba 4?

Wapendwa, salaam. Nafundisha vijana katika parokia ya Kianglikana, na tunaandaa siku ya kumkumbuka Mtakatifu Cuthbert, askofu wa Lindisfarne, Uingereza. Alifariki Machi 20, 687, na hiyo ndiyo sikukuu yake. Shida ni kwamba tarehe hiyo huangukia Kwaresima, kipindi cha toba kabla ya Pasaka, kila mwaka, nasi tunataka nyimbo, ngoma na chakula cha pamoja. Kanisa la Uingereza linaruhusu pia Septemba 4, sikukuu ya kuhamishwa kwa masalia yake, yaani mabaki ya mwili wake. Nimemuuliza mchungaji, akaniachia niamue.

Halafu kuna igizo. Vijana wamependa kile kisa cha Cuthbert kukesha akisali ndani ya bahari. Alipotoka alfajiri, fisi maji wawili wakamfuata ufukweni, wakampasha miguu kwa pumzi zao na kuikausha kwa manyoya. Mimi moyo wangu uko mwaka 698, watawa walipofungua kaburi wakakuta mwili haujaoza, ila nahofia wadogo wataogopa.

Je, tushike Machi 20 kwa utulivu au tungoje Septemba? Na mliowahi kuwafundisha watoto habari za masalia, mlianzia wapi?